Geti Jipya la Kituo cha Ushauri

Majirani zangu, tegeni sikio kidogo. Ninayotaka kuwasimulia yaliikuta nyumba ambayo wengi wetu tumekula mkate wake.

Ni nyumba ya Mwokaji. Mlikuwa mkifika pale asubuhi, mlango uko wazi, harufu ya mkate imeshatangulia barabarani. Mwokaji yuko kwenye tanuri, jasho linamtiririka. Mke wake anafunga mikate kwenye karatasi. Na mezani, mikono imejaa unga hadi viwikoni, yuko mdogo wake Mwokaji, mtu mzima mwenye mvi zake, lakini mtaa mzima ulimwita Mdogo kwa sababu ndivyo kaka yake alivyomwita.

"Jamani, mmeona fundi kama mimi?" alikuwa akiwatania wateja. "Kila siku namwaga unga, na kazi bado ninayo!"

Watu walicheka, wakalipa, wakaenda zao. Hakuna aliyejua kwamba kicheko kile kilikuwa kimerudi juzijuzi tu.

Tangu mama yao afariki, Mdogo alikuwa akisikia watu wakizungumza kwenye vyumba visivyo na mtu. Walimsema, walimtukana, walimwita. Alianza kunywa pombe ili wanyamaze, na pombe ikawa ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Aliyemwokoa ni Mshauri, dada mmoja mpole aliyefanya kazi pamoja na muuguzi katika Kituo cha Ushauri cha mtaa wetu. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili vyenye paa la bati linalovuja, kikiendeshwa kwa ruzuku ya serikali. Humo Mdogo alipewa dawa, akakaa na wenzake wanaoacha pombe, akasikilizwa. Sauti zikafifia. Akalala usingizi.

Nyumbani aliyejua ni shemeji yake peke yake.

"Kwa nini usimwambie kaka yako?" mama huyo alimuuliza. "Kwani atakumeza?"

"Hatanifanya kitu, shemeji. Ataniangalia tu. Na hilo jicho lake ndilo nisiloliweza."

Sasa sikieni. Mwenyekiti wa kamati ya kituo kile alikuwa nani? Ni Mwokaji huyohuyo. Tulimchagua sisi wenyewe, kwa sababu ni mchapakazi na hana mkono mrefu.

Ruzuku mpya ilipofika, kamati ikaitisha mkutano. Mshauri alisimama, akasema, "Mwenyekiti, fedha hizi zimetolewa kwa ajili ya dawa, mishahara, na kuwafuata wagonjwa majumbani. Wapo wasioweza kuja wenyewe."

Mwokaji akatikisa kichwa. "Dada yangu, dawa inamezwa, inaisha. Ukuta unabaki. Tukarabati kwanza. Tuweke ukuta, geti la maana na ukumbi. Mgeni wa wizara akija tutamwonyesha nini? Mtu aliyeacha kulia?"

"Ndiyo," Mshauri akajibu. "Huyo hasa ndiye wa kumwonyesha."

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Kisha tukampigia makofi Mwenyekiti.

Nisije nikamsingizia: Mwokaji hakutia hata senti mfukoni. Kila tofali mnaloliona pale lilinunuliwa kihalali. Kosa lake lilikuwa jingine. Alitaka sifa ya kujenga, na wale waliokuwa wakitibiwa mle ndani hakuwahesabu kuwa watu wa kujengewa kitu.

Ukuta ukapanda. Mishahara ikakauka. Dawa zikaisha kabatini, zikabaki chupa tupu. Muuguzi akaondoka kwanza. Mshauri alivumilia mpaka akashindwa kulipa kodi ya chumba, naye akahamia mji wa jirani akiwa na begi lake begani. Hakuna aliyemsindikiza.

Siku ya kliniki ikifika, Mdogo alipiga pasi shati lake jeupe, akaenda kusimama mbele ya geti jipya.

"Leo wapo?" alimuuliza mlinzi.

"Hawapo, mzee. Jaribu wiki ijayo."

Wiki iliyofuata akarudi, na shati lilelile limenyooka. "Leo wapo?" Mlinzi naye, masikini, hakujua zaidi ya kusema jaribu tena.

Mchana mmoja shemeji yake akaamua kumchokonoa mumewe. "Mume wangu, wale watu waliokuwa wakitibiwa kituoni, sasa wanakwenda wapi?"

Mwokaji alikuwa anakula. Hata hakuinua uso. "Wale vichaa na walevi? Si watarudi walikotoka."

Mdogo alikuwa mlangoni na sinia la mikate. Aliyasikia yote. Akaliweka sinia chini taratibu sana, kama mtu anayemlaza mtoto, kisha akamtazama shemeji yake na kutikisa kichwa: usiseme. Akatoka.

Kuanzia hapo utani ukakoma. Wateja walimkuta ameziba masikio kwa mikono yake, na akiiondoa, masikio yamebaki meupe kwa unga. Harufu ya pombe ikarudi. Mikate ikaungua, na Mwokaji akawaka kuliko tanuri.

"Una nini wewe siku hizi? Uvivu umekupanda kichwani?"

"Waambie wanyamaze, kaka."

"Akina nani?"

Mdogo akanyoosha kidole kwenye magunia ya unga yaliyopangwa kwenye kona. "Hao."

Mwokaji akacheka. Mkewe hakuweza kuvumilia tena. "Ni mgonjwa, mume wangu! Alikuwa anatibiwa. Kwenye kituo chako!"

Kuni zikapasuka motoni. Mwokaji alimtazama ndugu yake, na lile jicho ambalo Mdogo aliliogopa siku zote halikuwa na ukali wowote. Lilijaa machozi.

"Nitampeleka kwa Mshauri mwenyewe, huko alikohamia," alisema mwishowe. "Lakini uzinduzi wa ukuta na ukumbi ni wiki hii, na mgeni wa wizara ameshathibitisha kuja. Uzinduzi ukipita tu, nitampeleka."

Neno hilo, majirani, "ukipita tu," bado linamla hadi leo.

Usiku wa kuamkia uzinduzi mvua ilinyesha. Asubuhi Mwokaji alitangulia na funguo ili apambe geti kabla mgeni hajafika. Akamkuta Mdogo ameketi chini, ameegemea geti, kichwa kimelala begani. Shati jeupe limelowa na kugandamana kifuani, chupa iko pembeni. Alimwita. Akamshika mkono, akauona baridi kama bomba la geti lenyewe. Akamwita tena kwa jina la utotoni, jina ambalo hatukuwahi kulisikia.

Gari la mgeni lilipofika, watu walikuwa wamezunguka. Mgeni akashuka, akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni mgonjwa wa kituo hiki," Mwokaji akajibu. "Ni mdogo wangu."

Utepe haukukatwa.

Baada ya mazishi Mwokaji alirudi kazini, lakini hakurudi mzima. Anakanda unga, anasikia nyuma yake, "Leo wapo?" Anageuka, anamkuta mteja anataka mkate. Anafunga tanuri, anaisikia sauti ileile kwenye magunia. Aliacha kula. Akawa anaikwepa barabara ya kituo na kuzunguka mbali, hata akiwa na mzigo mzito kichwani.

Mkewe hakungoja kitu kipite. Alimshika mkono mumewe wakapanda basi hadi mji wa jirani, wakamtafuta Mshauri. Mwokaji akaketi mbele yake.

"Unasikia nini?" dada akamuuliza.

"Namsikia akiuliza. Na sina jibu la kumpa."

Mshauri hakumwambia kwamba hana kosa. Hakumlaumu pia. Alimpa maji, akamwambia alie, na wiki iliyofuata arudi. Naye anarudi mpaka leo. Hajapona. Anajifunza kuishi.

Serikali ilisimamisha ruzuku mpaka huduma zirudi. Mwokaji alijiuzulu mbele yetu sote, akiwa amesimama na kofia mkononi, akatusihi tumrudishe muuguzi kabla ya kununua hata kopo moja la rangi. Sasa muuguzi yupo siku chache za wiki, tukimlipa kwa michango yetu. Foleni yake mmeiona wenyewe inavyofika barabarani. Na ndani ya foleni hiyo mmewaona watoto wenu, wake zenu, na baadhi yenu.

FUNZO

Fedha ya ruzuku si lazima iibwe ndipo iue. Inatosha kuitumia pale inapoonekana na kuiondoa pale inapohitajika. Ugonjwa wa akili na ulevi ni magonjwa, na mgonjwa wake mara nyingi ni yule tunayekula naye, anayenyamaza kwa sababu ametusikia tukiwacheka wenzake. Kwa hiyo chungeni ndimi zenu mezani. Msimwahirishe mgonjwa kwa sababu ya sherehe. Na kamati ikija kuwaonyesha ramani ya jengo, msipige makofi kwanza. Ulizeni nani atakuwa ndani yake siku mgonjwa atakapobisha hodi.