Pakiti ya Kijani

Haya alinieleza Chih-yuan, rafiki yangu fundi wa mitandao wa mji wa Hsinchu, huku akiangalia viatu vyake.

Mchana mmoja alitumwa hospitali kufunga swichi mbili za mtandao, vile visanduku vya kuunganisha kompyuta, kwa ajili ya seva mpya. Ya kwanza ikifa, ya pili ibebe mawasiliano. Alimaliza kupanga VLAN, yaani migawanyo ya mtandao, kwenye ya kwanza, njaa ikambana. Juu ya seva palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, ile ambayo kwetu mafundi huiweka juu ya mashine kama kinga ili zitulie zisiharibike, na ambayo ni mwiko kuila. Akaimaliza yote. Swichi ya pili akaiacha kama ilivyotoka kwenye boksi.

Dada Hsiu-lan, mkuu wake, akapiga simu. "Umeichomoa ya kwanza ukaona ya pili inapokea?"

"Nimeona, dada."

"Usinitanie, Chih. Wodi zote zinategemea hizo."

"Mimi tena, dada?"

Siku ya tatu swichi ya kwanza iliungua. Wodini hakuna aliyegundua, kazi ziliendelea kupitia ya pili. Hsiu-lan akamsifu mbele ya wenzake, akamnunulia chai ya maziwa. Akaiacha mezani bila kuinywa.

Akarudi peke yake kwenye chumba cha seva kufanya kazi aliyodanganya kwamba ameifanya. Kwa aibu hakuwasha hata taa ya chumba. Feni zilikuwa zikivuma. Akapapasa waya wa umeme wa swichi ya pili: bado ulikuwa umekunjwa, umefungwa plastiki ya kiwandani. Lakini vitaa vyake vyote vilikuwa vikimetameta gizani. Akainamisha sikio.

Ndani kitu kilikuwa kikitafuna, taratibu, kama mtu anayekula vitafunio vya nazi.