Sufu ya Njano

Kila kondoo walipokatwa manyoya, Tuda na mama yake, Hadda, waliteremka hadi Mto Laabid kufua sufu. Waliisugua kwa mizizi itoayo povu kama sabuni, wakaipiga kwa ubao, wakaisuuza, wakaanza tena. Jumamosi moja mama alibaki na wageni, Tuda akaenda peke yake. Mikono ilipochoka, alizungushia mawe kidimbwi ukingoni, akalowesha sufu humo na kumimina chupa nzima ya dawa ya kung'arishia nguo. Alipomaliza, aliyaondoa mawe, maji yakaenda zake.

Jumatatu chaza wa mtoni walikutwa wameachama, wanaoza. Ni chaza wasiopatikana ila katika mito michache ya nchi ile, na wengine walikuwa na umri uliozidi wa bibi yake Tuda.

Macho yote kijijini yakamgeukia Basu, mhamiaji aliyekuwa akipiga dawa ya wadudu mitufaa yake kando ya mto. Salamu zikakatwa. Wanawake walipomuuliza Tuda kama aliona lolote, alijibu kwamba alimwona Basu akisuuza bomba lake la dawa mtoni. Wazee wakaamua kumwita Basu Ijumaa.

Lakini nyumbani mama alikuwa akiichambua sufu, akiinusa, akimtazama binti yake.

"Mbona hii imekuwa njano, inakatika kama nyasi kavu?"

"Jua, mama."

"Jua lipi? Yangu niliianika kwenye jua hilohilo."

Tuda akatoka nje kwenda kwa kondoo. Siku mbili mama hakuuliza tena, wala hakuacha kumtazama. Alhamisi Tuda aliuweka mkate chini. Akasema yote, ya dawa na ya uongo wake juu ya Basu, mama akamshika mkono hadi kwa Basu.

Basu alimsikiliza hadi mwisho.

"Binti, nilikuwa nimeshaanza kujishuku mwenyewe," alisema. "Kila asubuhi nalikagua bomba."

Ijumaa Tuda alirudia maneno yale mbele ya wazee. Nao walimwomba Basu radhi. Basu akafunga mfereji wa kumwagilia shamba lake siku tatu, ili maji yote yapite mtoni na kuusafisha. Chini ya mawe walionekana chaza hai, wamefumba imara.

Tuda alianza kuifua upya sufu iliyobaki, kwa ubao. Mama akaketi kando yake.

"Dawa uliyomwaga imechukuliwa na maji," alimwambia. "Lakini uchafu uliolimwagia jina la mtu, mwanangu, hakuna mto wa kuuchukua. Huoshwa na mdomo uleule uliomwaga."