Taa Nyekundu Sebuleni kwa Apolline

"Mashine imelala?" sauti ya mkuu wake iliuliza simuni.

"Imelala, chef. Taa iko nyekundu."

Deborah alikata simu, akarudi kwenye kinu cha sombe, majani ya muhogo. Nyumba hii ya Kabambare ilimjua kama mpishi tu.

Ndani ya mashine ya kurekodi televisheni alikuwa ameunganisha kamera ndogo kama punje ya mchele. Aliipanga ianze saa tisa, saa ya tamthilia ya mama mwenye nyumba, kisha akaizima kwa rimoti. Imezimwa nusu. Saa ikifika itarekodi yenyewe, kimya, taa nyekundu vilevile.

Ila mtu akichomoa waya ukutani, kwisha.

Na Kasimu kwisha. Mumewe, jasusi mwenzake, alikuwa mahabusu Kasongo kwa bunduki alizofichiwa kwenye mzigo wa pikipiki. Kesho angehamishwa, na Deborah hakujua kama angemwona tena.

Saa tisa, Aristote, mwenye nyumba na mnunuzi wa dhahabu, aliingia na mgeni wa ng'ambo. Aristote alikuwa na bastola ya Glock kiunoni.

Mgeni alisimama. "Ile mashine?"

"Imezimwa. Angalia taa."

"Toa prizi ukutani."

Deborah aliyaona yote kutoka mlango wa jikoni. Mkononi mchi, nje walinzi wanne. Alimwomba Mungu kama hajawahi kuomba.

Aristote aliinama, akashika waya.

"Acha ile waya, baba Laura." Mkewe, Apolline, alikuwa mlangoni. "Nimepanga serie yangu. Siku ile ulitoa prizi juu ya kulinda batri ya sola, nikakosa yote. Leo hapana."

"Mama Laura, tuko na kazi."

"Basi muende kuifanyia inje."

Nje kulikuwa na masikio mengi. Aristote, ambaye hata wanajeshi walimwogopa, aliuachia waya.

Wakaketi, wakasema yote: nani alimfichia Kasimu bunduki, na dhahabu ya machimbo ya Lusangi ingevuka mpaka kwa njia gani.

"Chef, iko," Deborah alinong'ona simuni. "Mukuje."

Askari waliokuwa wamejificha shambani waliwapokonya walinzi silaha kabla hawajainuka. Aristote na mgeni walitolewa wakiwa wamefungwa pingu. Deborah alichomoa mashine mwenyewe.

"Unaipeleka wapi?" Apolline aliuliza. "Serie yangu iko ndani."

"Haiko, mama. Baba Laura ndiye iko ndani."

Apolline alikaa chini taratibu. "Na ni mimi nilimukataza."

"Ndiyo, mama."

Deborah alimwonea huruma, kweli kabisa. Lakini Kasongo ilikuwa mbali, barabara mbovu, na ushahidi ulipaswa kufika kabla Kasimu hajahamishwa. Aliifunga mashine nyuma ya pikipiki yake ya TVS, akapiga kiki, akaondoka bila kugeuka.