Mstari wa Mwisho Ubaoni

Siku ya soko la tatu, saa moja asubuhi, Septumio, karani wa hazina ya Roma, alisimama mbele ya ubao wa muswada kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Muswada ulikuwa wa ngano ya bei nafuu kwa maskini. Ulikuwa umetundikwa hapo tangu soko la kwanza ili kila mtu ausome, na leo ndiyo kura. Sasa chini kabisa palikuwa na mstari mgeni: Gavio apewe malisho ya umma, ekari... Idadi imefutika, wino umetapakaa.

"Ni mimi, bwana karani," alisema Petilia, muuza maharage. "Nimeegemeza kapu langu lililolowa hapo alfajiri, hata mtu hajafika. Ningejuaje kuna wino mbichi?"

Wino mbichi! Septumio akaenda hazinani, akavunja lakiri ya nakala ya muswada iliyohifadhiwa huko, mbele ya mashahidi. Mstari ule haukuwamo.

Aliporudi, uwanja wa kura ulikuwa unawaka kwa kelele. Mamilio, tajiri wa ngano, amepanda juu ya jiwe.

"Ngano na malisho katika muswada mmoja! Sheria si imekataza kuchanganya? Ekari mia tatu za Gavio mnalishwa ndani ya mkate! Haupigiwi kura huu!"

Watu walikwisha kumkaba Gavio, mfuga ng'ombe.

"Mstari huu ni wako, mzee?" Septumio aliuliza.

"Mwanangu, nina ng'ombe, sina wazimu. Niibe malisho kwa muswada utakaokufa leo leo?"

Karani akamgeukia Mamilio. "Umesema ekari ngapi, bwana?"

"Mia tatu. Huna masikio, mtumwa wa juzi?"

"Ninayo. Nisomee hapo ubaoni."

Mamilio akainama, akakodoa macho.

"Soma, baba, soma!" Petilia alimcheka.

"Kapu lilifuta idadi kabla mtu hajafika," alisema Septumio. "Anayeijua ni aliyeiandika."

Mamilio akakung'uta vazi lake. "Maghala yangu yamejaa. Ngano yenu ya bei ya bure ingeniozeshea yote. Haya, nifungeni. Lakini mwulizeni karani wenu: mtapiga kura?"

Fadio, mtetezi wa raia aliyeuleta muswada, akamshika Septumio mkono. "Ufute tu huo mstari, ndugu yangu."

"Siwezi. Ubao ukiguswa hata herufi moja, unatundikwa upya kwa masoko matatu kabla ya kura."

"Mimi namaliza zamu kesho kutwa! Anayenifuata ni mtu wa matajiri hawa!"

"Najua."

Mamilio alipelekwa kifungoni. Saa saba mchana mwanawe alifungua ghala, bei imepanda. Watu walipanga mstari kununua, na Septumio alikuwa wa kumi na nne.