Mpini Mgumu wa Kimya

Kila Jumamosi Kimya aliamka kabla mama yake hajarudi kutoka zamu ya usiku hospitalini. Alikunywa chai peke yake, akaosha kikombe kimoja, akafunga mlango na kushika njia ya uwanja wa gofu, begi la fimbo begani. Zamani begi hilo walilibeba kwa kupokezana, yeye na dada yake. Sasa dada alikuwa chuoni, mbali sana, na njia ile ile ilikuwa imerefuka.

Jina la Kimya alipewa na wenzake wa timu ya watoto. Hakuwa na kiburi. Tatizo lake ni kwamba maneno yake yalifika mdomoni wakati wenzake wameshahamia habari nyingine. Alikuwa msichana pekee katika timu, na wavulana hawakumchukia hata kidogo. Walimsahau tu. Kusahauliwa kunauma kuliko kutaniwa, maana anayekutania angalau amekuona.

Siku moja fundi wa fimbo alikuja kuwapima ili kila mtoto apate draiva inayomfaa. Draiva ni fimbo ndefu kuliko zote, ile ya kuanzia mchezo. Mipini yake haifanani: ipo migumu kama fito kavu, na ipo laini inayonesa. Anayepiga kwa kasi kubwa humfaa mgumu. Anayepiga taratibu humfaa laini, kwa sababu mpini ukinesa humsaidia kuunyanyua mpira.

Mvulana mmoja waliyemwita Mdomo, na mwenyewe alijua kwa nini, aliushika mpini laini akautikisa hewani.

"Jamani, huu ni wa bibi yangu! Unapepea wenyewe!"

Wote wakaangua kicheko. Kimya naye alicheka. Lakini alijua mkono wake ni wa taratibu.

Zamu yake ilipofika, fundi aliweka chini kijisanduku cha kupimia mwendo. "Piga kama unavyopiga siku zote," alisema.

Kimya aliuma meno. Alizungusha fimbo kwa nguvu zote alizozaliwa nazo, nusura aanguke kifudifudi. Fundi aliangalia kijisanduku, akamwangalia yeye.

"Hee! Hivi ndivyo unavyopiga?"

"Ndiyo, Fundi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Haya basi. Mpini mgumu."

Kifaru, mvulana mwenye nguvu kuliko wote, alisogea kwenye benchi kumpa nafasi. "Kumbe una mkono! Njoo ukae na sisi wa migumu."

Kimya akakaa. Moyoni ilikuwa sikukuu.

Sikukuu yenyewe haikudumu. Kwa mwendo wake wa kweli, ule mpini haukunesa hata kidogo. Mpira uliruka chinichini, ukapinda kulia na kupita mbele ya wenzake. Alipolazimisha nguvu kama siku ile ya kupimwa, aliukosa kabisa akachimba udongo. Mpira wake mmoja ulipopita karibu na goti la Mdomo, kocha alikuja, mikono kiunoni.

"Kimya, mama, utatuvunjia watu. Hamia kule mwisho, karibu na uzio."

Basi akahamia kule mwisho. Kutoka pale alisikia wenzake wakicheka, lakini hakusikia wanacheka nini. Alipiga, akaokota, akapiga tena, viganja vikamchubuka. Jioni dada alipopiga simu kuuliza mazoezi yanaendaje, Kimya alisema, "Vizuri tu, dada." Alipokata simu, nyumba ilikuwa kimya mno. Akalia, kwa sababu mtu pekee wa kumwambia alikuwa dada, na dada ameshaambiwa uongo.

Kisha kocha akatangaza kwamba Jumamosi ijayo atachagua timu ya mashindano. Njiani kuelekea shimo la kwanza la uwanja wa mashindano kuna bwawa, kwa hiyo asiyeweza kuvusha mpira juu ya bwawa lao la mazoezi atabaki nyumbani. Kimya alilitazama lile bwawa. Kwa fimbo yake, mpira usingefika hata katikati. Bila timu, Jumamosi zake nazo zingekuwa za kukaa ndani na kikombe kimoja.

Mazoezi yalipokwisha, alikwenda karakana ya Fundi. Ndani mlinuka gundi na vumbi la msasa. Fundi alikuwa amebana fimbo kwenye jiliwa, kibano cha chuma cha mezani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Mbona uso umeanguka?"

Kimya alikuwa amejiandalia hadithi ndefu: kwamba fimbo ina ufa, kwamba gundi imeachia. Alifungua mdomo, akaona haya.

"Fundi, siku ile nilidanganya. Sipigi vile. Nilijikakamua ili nipate mgumu kama wenzangu."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa. "Nilihisi. Nikakuuliza mara ya pili, ukashika uzi ule ule."

"Naomba unisamehe. Na kama inawezekana, naomba unipime tena."

Walitoka nje, kikawekwa kijisanduku, na safari hii Kimya alipiga kwa mwendo wake mwenyewe. Fundi alirudi ndani, akaipasha moto shingo ya fimbo mpaka gundi ikalegea, akakichomoa kichwa na kukivika mpini laini.

Jumamosi Mdomo aliuona mpini huo kabla hata begi halijatua.

"Haa! Kimya kaleta fimbo ya bibi!"

Kimya alihisi masikio yakiwaka. Safari hii maneno yalifika mapema. "Ya bibi yako, ndiyo. Ule mgumu niliupata kwa uongo. Nilijikakamua siku ya kupimwa."

Kisha Kimya akateremsha begi, akachomoa fimbo. Akasimama mbele ya bwawa, akazungusha fimbo taratibu. Mpini ukanesa, mpira ukapanda juu sana, ukavuka maji na kutua ng'ambo kwenye nyasi.

"We!" Mdomo alipiga kelele. "Bibi yangu hoyee!"

Hata kocha alicheka huku akimhesabu Kimya katika timu. Kifaru alimkaribia, akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi, uliogopa kumwambia Fundi?"

"Sana."

"Mimi pia nilijikakamua kidogo," akasema.

Fundi, aliyekuwa amekuja kutazama na kusimama nyuma yao, alikohoa kidogo, na wote wakageuka.

"Sikilizeni, wanangu. Huyu binti aliponidanganya, nilitengeneza fimbo nzuri kabisa, lakini ya msichana ambaye hayupo duniani. Yeye aliyepo akabaki hana fimbo. Na urafiki ni hivyo hivyo. Mkimpenda mtu kwa sifa zisizo zake, mnampenda asiyekuwepo, na mwenyewe anabaki peke yake hata akikaa katikati yenu. Semeni kweli, ili tupate kuwajua."

Kimya aliinamisha kichwa, maana huko kubaki peke yake katikati ya watu alikujua kuliko wote. Kisha Kifaru akachukua fimbo yake, akamwomba Kimya amsindikize karakana.