Vidonge vya Mzee Simel

Mzee Simel alikutwa kifudifudi kando ya hori la ng'ombe wake, kwenye miteremko ya Mlima Meru, paji la uso limepasuka. Uchunguzi wa maiti ulionyesha alianguka mwenyewe. Lakini mjane wake, Simaloi, aliwaambia polisi kwamba mumewe alikuwa akizimia tangu aanze kumeza dawa ya majaribio ya presha kwenye kliniki ya Daktari Manase, Njiro.

Inspekta Twahira akaenda Njiro. Manase, mtu na kiburi chake, hata kitini hakuinuka. Akaeleza polepole, kana kwamba anafundisha chekechea, kwamba katika utafiti wake wengine hupewa dawa mpya na wengine vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani, ili walinganishwe. Simel alikuwa wa vidonge vitupu. Akatoa chupa.

"Niliichukua kitandani kwake nilipokwenda kutoa pole. Kapime. Hawa wazee wa ng'ombe, Inspekta, wakizeeka wanaanguka."

Maabara ikathibitisha: vitupu. Twahira alikasirika hasa. Wazee wengine walikuwa bado wanameza dawa ile kila asubuhi, naye hakuwa na ushahidi wa kuizuia.

Akapanda tena mlimani, akamwamkia Simaloi, akamwonyesha chupa. Mama aliitazama, akaingia ndani, akarudi na nyingine ya namna ileile, imejaa shanga.

"Ya mzee ni hii. Nilimwomba anipe ya kutilia shanga, siku aliyokuja nayo. Vidonge alitia humu."

Akamkabidhi kikopo cha ugoro ambacho mumewe hakukivua shingoni hata akilala. Alikivua yeye, wakati wa kumwosha maiti.

Lo, msomi mzima! Angeuliza tu, angeambiwa mzee wa huku huweka wapi kitu asichotaka kipotee. Lakini Manase hakuwa mtu wa kuuliza wachungaji.

Safari hii maabara ilikuta dawa yenyewe, imechanganyika na tumbaku. Manase akaletwa kituoni, akawekewa mezani kikopo na majibu ya maabara.

"Chupa uliyonipa uliitoa wapi?"

Akajipangusa jasho. "Niliijaza kliniki."

"Mzee alikwambia anazimia?"

"Mara mbili. Akataka kujitoa."

"Ana haki hiyo?"

"Anayo."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba akijitoa asikanyage tena kwangu, yeye wala mkewe."

"Kwa nini?"

"Angetoka yeye, nduguze wote wangemfuata. Utafiti ungekufa. Jina langu lilikuwa lisomwe Ulaya, mbele ya madaktari wakubwa."

Makofi! Mzee wa watu amezikwa ili mtu huyu apigiwe makofi. Twahira alimtazama kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama. Akaagiza wazee wote wafikiwe siku hiyohiyo, waambiwe waache dawa.

Manase akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ndogo kama ingewezekana asitajwe magazetini. Habari ya Simel hakuiuliza.

"Si ulitaka jina lako lisomwe?" Twahira alisema, akimfungulia askari mlango. "Kesho litasomwa mahakamani. Simaloi atakuwepo kulisikia."