Chumvi ya Mikono Mingi

Kila siku baada ya masomo, kabla hata ya kuvua sare, Kijiko hupitia jikoni kwa mama yake. Mama ana mgahawa mdogo ubavuni mwa karakana ya kuchomelea vyuma, na binti yake alipachikwa jina hilo kwa sababu kazi yake ni kuonja. Mama humpulizia mchuzi kwenye upawa na kumwambia, "Haya, Kijiko, toa hukumu." Kijiko huonja, hufumba jicho moja, kisha hutamka lile neno lake: "Bado chumvi."

Mgahawa wenyewe haukosi watu wala maneno. Nani kahama, nani kaposwa, nani kagombana na mwenye nyumba, yote utayasikia hapo kabla sahani haijafika. Na anayewazidi wote kwa sauti ni Mjomba, kaka yake Mama, fundi wa ile karakana. Mtaa mzima humwita Cheche.

"Dada, chakula bila chumvi mimi nakiita maji ya kuogea!" husema, huku akitikisa kikopo cha chumvi juu ya sahani ambayo hajaionja.

Siku moja Cheche hakucheka. Alisimama ili arudi kazini, akashika ukingo wa meza, akakaa tena.

"Kichwa kinagonga kama nyundo," alisema kwa sauti ndogo.

"Fundi, leo umejigonga mwenyewe?" akatania kinyozi wa jirani, mteja wa kila siku.

Mama hakucheka. Aliyaona macho ya kaka yake, akavua aproni palepale. Yeye na Kijiko wakampeleka hospitali.

Presha yake ilikuwa juu mno. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimlaza kitandani, akampaka mafuta ya baridi kifuani na kupitisha kifaa cha mashine juu yake. Kwenye kioo kikatokea kitu cha kijivu kinachojikunja na kujikunjua kama ngumi.

"Ni nini hicho?" Kijiko aliuliza.

"Moyo wa mjomba wako."

Kijiko alisahau kufunga mdomo. Moyo aliozoea kuuchora darasani ulikuwa mwekundu, umetulia zake kwenye karatasi. Huu ulikuwa kazini. Vilango vyembamba kama ngozi ya kitunguu vilifunguka, vikafungika, vikafunguka tena, na hakuna aliyevisukuma.

"Haupumziki?" alinong'ona, kana kwamba angeushtua.

"Hupumzika kidogo tu, kati ya pigo na pigo. Ulianza kazi kabla mjomba wako hajazaliwa. Yeye akilala, wenyewe unaendelea."

Kisha daktari akaonyesha ukingo mmoja kwa kidole. "Lakini tazameni ukuta huu. Umeanza kunenepa. Chumvi ikizidi mwilini hushikilia maji, presha ikapanda, na moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu kupita kiasi. Tukiuacha hivi utachoka, au mshipa wa kichwani utapasuka. Dawa nitampa, ila dawa haiwezi kushindana na sahani peke yake. Anakula wapi?"

"Kwangu," Mama alijibu. "Lakini daktari, mimi chumvi naweka kidogo tu. Naapa."

Mama hakusema uongo, na hilo ndilo lililomsumbua Kijiko. Siku iliyofuata haikuwa ya shule. Akavuta kigoda, akakaa karibu na sufuria ya maharage na kutazama.

Mama alitia chumvi kidogo, akatoka kuchota maji. Akapita Mama Mdogo, mdogo wake Mama, ambaye husaidia kupika. "Dada kwa kusahau!" akasema, naye akatia kidogo. Kisha akapasua pakiti ya kiungo cha mchuzi, ambacho nacho kimejaa chumvi. Mara akaingia muuza mboga kusalimia, akaonja kama wanavyoonja wageni wote wa jikoni, akaongeza ya kwake. "Mkono wangu una baraka," akasema, akaenda zake.

Mama aliporudi, akanyoosha upawa. "Kijiko, hukumu!"

Kijiko akaonja, akashtuka. Baada ya chumvi yote ile, ulimi wake bado ulitaka nyingine! Na huko mezani kulikuwa na vikopo vinasubiri.

"Mama, ulimi wangu si wa kuaminika," alisema. Akaeleza yote aliyoyaona.

"Heee! Ushushushu umejifunzia wapi?" Mama Mdogo aliangua kicheko.

Mama hakucheka. Alifunika sufuria taratibu. "Kila mtu kidogo, kila mtu kidogo. Na anayekula yote ni ndugu yetu."

Kuanzia siku hiyo chumvi ya sufuria ilikuwa na mkono mmoja, wa Mama, na mlinzi mmoja, Kijiko. Vikopo viliondolewa mezani. Mama akawa anapunguza chumvi polepole, akiongeza limau, tangawizi na kitunguu saumu.

"Mama, leo tumelazwa wodi gani?" kinyozi alilalamika, akahamia mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Cheche naye akasukuma sahani. "Dada, unaniua!"

"Nuna tu, kaka yangu," Mama alimjibu, "lakini nuna ukiwa hai. Kula."

Wiki zikapita. Siku moja Kijiko alionja maharage akasita. Nyanya ilikuwa na utamu! Na maharage yenyewe yalikuwa na ladha yao, nzito kama ya karanga. Yalikuwa nayo miaka yote, chini ya chumvi. Hata Cheche, alipokula siku moja ng'ambo, alirudi mbio akiomba maji.

"Wale wamemwaga gunia zima!"

"Ni chumvi ileile uliyokuwa ukiisifu, fundi," alisema kinyozi, ambaye alikuwa amesharudi kimyakimya na kukaa kiti chake cha siku zote.

Waliporudi hospitali, presha ilikuwa imeshuka. Daktari akamvalisha Kijiko mipira ya masikioni ya kusikilizia moyo, akauweka mwisho wake kifuani kwa Mjomba. Du-dup. Du-dup. Kijiko alibana pumzi asije akaukatiza.

Kisha ikawa zamu ya Cheche mwenyewe. Alifungua mdomo atanie. Utani haukuja.

"Kumbe siku zote umo humu," alisema polepole. "Na mimi nautwisha mizigo."

"Ulimi hufundishika," daktari alimwambia Kijiko. "Ukiuzoesha chumvi nyingi utadai zaidi. Ukiipunguza kidogo kidogo, utaridhika. Lakini moyo hauna mdomo wa kulalamika, mara nyingi hunyamaza mpaka uumie. Ndiyo maana kila mtu, hata aliye mzima, apunguze chumvi na apime presha mapema. Wewe umeusemea moyo wa mjomba wako, na mioyo ya wote wanaokula pale. Sivyo, fundi?"

Cheche alikuwa bado anasikiliza.